Mnaotuma sola kijijini kwa basi, fundi mmemtuma na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba hizi kampuni ndogo za sola ni wezi, zinawakopesha wanakijiji seti kwa bei mara mbili ya Kariakoo alafu mtu akichelewa kulipa siku mbili tatu wanamzimia taa, na kwamba yeye alishastuka, mama yake yuko Utete kamnunulia ya kwake keshi Kariakoo, kampakilia kwenye basi na habari ikaishia hapo, ingawa mwenyewe anaandika kwamba ilikufa baada ya mvua. Mi nataka kuongelea hapo hapo habari ilipoishia, kwa sababu simu za hizo habari zilizoishia nazipokea mimi.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya aina hiyo hiyo anayoisema. Jina silitaji, bosi angefurahi lakini barua kwa mhariri sio tangazo. Ofisi yetu iko Temeke, chumba kimoja na stoo nyuma, na wateja wetu wengi wako kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu mpaka Bungu, unaingia kushoto kwenda Nyamisati, pale barabara inakwisha unakaa kusubiri maji yajae ndo boti iondoke, maana ratiba ya huko ni bamvua na maji mafu, yaani bahari ikijaa sana au kidogo, saa yako ya mkononi haina kazi. Kwenye mkataba mimi ni afisa huduma kwa wateja. Kiukweli napokea simu, naingiza malipo, nahesabu mzigo stoo, nabishana na mawakala, na fundi akiumwa naenda mwenyewe na testa na bisibisi. Mwanzoni wazee wa kule wakiona mwanamke walikuwa wananiuliza "fundi yuko wapi mwanangu" huku nimeshika ngazi, siku hizi wamezoea. Mshahara unatoka, ila tarehe yake inategemea mpunga umevunwa au bado, mtu anaetaka tarehe 25 ya uhakika akatafute kazi bandarini.

Kabla sijafika kwenye bei niseme jambo moja. Watu wa Dar tukisikia vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimeshafikiwa na umeme tunadhani kila nyumba inawaka. Kijiji kufikiwa maana yake laini imeingia kijijini, imefika shuleni au zahanati au pale senta penye maduka, na nyumba za karibu zimevuta. Vitongoji ni zaidi ya elfu 64 na huko ndo kazi bado inaendelea, serikali yenyewe inasema hivyo. Na kwa delta kitongoji kinaweza kuwa kisiwa cha matope kimezungukwa na mikoko pande zote, sasa nguzo utaisimamisha wapi. Kinachonichekesha ni kwamba maji yanayozunguka hivyo visiwa ndo yale yale yaliyopita kwenye mashine 9 za Bwawa la Nyerere kule juu, megawati 2,115, yakishamaliza kazi yanateremka kwa wateja wangu ambao wanawasha taa za sola. Sisemi kwa ubaya, bwawa limetupunguzia mgao huku mjini na mimi nafaidi nikirudi nyumbani.

Na pale laini ya Tanesco inapofika karibu mimi nawaambia watu wavute Tanesco. Elfu 27 kuunganishwa kijijini, uniti shilingi 100 kwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, sola ya kampuni haiwezi kushindana na hiyo hata siku moja. Bosi hapendi nikisema hivi kwenye simu ila mteja ukimficha atakuja kujua tu, na akijua atawaambia kisiwa kizima.

Sasa hiyo shilingi 100 ndo ilitufikisha hapa tulipo. Bosi alikuwa na mpango mkubwa kuliko hizi sola za nyumba moja moja, alitaka ajenge kituo kimoja cha sola chenye betri kubwa, asambaze waya kitongoji kizima, kila nyumba na mita yake ananunua uniti kwa simu kama Luku. Mwaka 2020 serikali ikaelekeza umeme wa vijijini uuzwe shilingi 100 kwa uniti hata kwa kampuni binafsi, wakati baadhi zilikuwa zinauza zaidi ya elfu moja. Kwa mwananchi ilikuwa habari njema na hoja yake naielewa, kwa nini mtu wa kisiwani alipe mara kumi ya mtu wa kijiji chenye Tanesco? Lakini chukua kalamu. Nyumba ya kawaida kule, taa nne, simu mbili, redio na tivii jioni, haimalizi uniti 6 au 7 kwa mwezi. Mara 100 ni shilingi 600, 700. Kwa mwezi mzima. Nyumba mia zote zikilipa bila kukosa ni elfu 60 au 70, hiyo haimtoshi hata mlinzi wa kituo, hujagusa betri, hujagusa mkopo wa benki, hujagusa fundi. Tanesco anaweza kwa sababu ana viwanda na maghorofa yanayomlipa bei kubwa zaidi na laini za vijijini zimejengwa kwa pesa za serikali kupitia REA, wakala wa nishati vijijini. Kampuni ndogo haina kiwanda cha kuibebea. Kuna ruzuku ndio, ila nyingi zinalipwa kwa matokeo, yaani ujenge kwanza kwa pesa yako ndo ulipwe, na mwenye pesa ya kujenga kwanza wala asingekuwa na ofisi kwenye chumba na stoo. Bosi akafunga faili tukabaki na hizi za nyumba moja moja.

Hizo ndo msomaji mwenzangu anaziita wizi. Kwa asiyejua zinavyokwenda: mteja anatoa kianzio, anafungiwa paneli, betri, taa, redio au tivii, alafu analipa kidogo kidogo kwa M-Pesa au Airtel Money au hiyo Mixx by Yas ambayo kule bado ni Tigo Pesa tu, akilipa anatumiwa namba anazibonyeza kwenye kifaa, kinafunguka kwa siku alizolipia, akimaliza deni kinafunguka moja kwa moja kinakuwa chake. Ukijumlisha yote inakuja karibu mara mbili ya vitu hivyo hivyo dukani. Ni kweli, siwezi kubisha na mtu aliyeshika risiti.

Ila aniambie vitu hivyo hivyo ni vipi.

Nenda Kariakoo na futi kamba ya fundi cherehani. Jua la saa sita likipiga sawasawa linatoa kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama asilimia 20 ya hiyo kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya wati 200 ya kweli inakaribia mita moja kwa mita moja, hapo hakuna ujanja. Sasa utaonyeshwa paneli ukubwa wa sinia la pilau, nyuma imebandikwa stika wati 200, na hiyo ikijitahidi sana ni wati 50. Ukiuliza unaambiwa hii teknolojia mpya. Na hata ile ya kweli ya wati 200, kwa jua letu unahesabu kama saa tano za jua la nguvu kwa siku, ukitoa kinachopotea kwenye waya na betri unapata chini ya uniti moja, kwa hiyo mtu akikwambia itaendesha friji na pasi na pampu ya maji muage kwa adabu nenda duka lingine. Maduka ya waaminifu Kariakoo yapo, sisi wenyewe tunanunua huko. Tatizo mtoto anaemnunulia mama yake huwa ana haraka, basi linaondoka, anauliza bei tu.

Betri ndo usiseme. Kuna watu wanauziwa betri ya gari ile ile ya kuwashia injini, wanaambiwa ni ya sola. Betri ya gari imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache alafu dinamo iijaze, haikutengenezwa itoe kidogo kidogo usiku kucha mpaka iishe. Ukiinyonya hivo kila siku inakufa mapema sana. Hata zile za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya sola kweli hazipendi kushuka chini ya nusu. Za lithiamu zinavumilia zaidi na zinaishi miaka mingi ila bei yake mteja akiisikia anahema kwanza, ndo maana tunaitoa kwa mkopo.

Haya tuseme umenunua vizuri, umepima, betri ni yenyewe. Bado haujamaliza, kwa sababu kinachoua sola kule visiwani mara nyingi wala sio ufeki. Cha kwanza ni chumvi ya hewani. Ukifungua kiboksi cha nyaya baada ya miezi kadhaa unakuta shaba imeota unga wa kijani, nati imeshikana, umeme unapita kwa shida, mteja anapiga simu "betri yenu mbovu" kumbe ni ncha ya waya, ukisugua na msasa ukakaza ukapaka grisi taa zinarudi. Kazi ya robo saa. Lakini mama wa mtu yuko peke yake na sola ya Kariakoo hajui hilo, atakaa gizani na kitu kizima, na miezi ikipita betri iliyokaa bila kuchajiwa inakufa kweli.

Alafu kuna paneli yenyewe. Sisi tuko kusini ya ikweta kwa hiyo inatakiwa itazame kaskazini na iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru. Na isiwe chini ya mwembe, tawi moja tu likitia kivuli kona ya paneli linaweza kushusha umeme wa paneli nzima, watu hawaamini mpaka uwaonyeshe kwenye testa. Nyumba za makuti tunafunga kwenye nguzo fupi uani. Sasa bibi mmoja alilalamika sola imechoka, jioni taa zinawaka kidogo zinazima, fundi alikuwa na malaria nikaenda mimi. Nafika uani nakuta paneli imejaa kamba. Kamba wa baharini, wamepangwa mstari kwa mstari wamekaushwa vizuri kabisa, kwa sababu pale juu pana joto, mchanga haufiki, na paka akijaribu kupanda anateleza. Nikamwambia bibi shikamoo, hawa kamba ndo wanakula umeme wako. Akacheka, akasema marahaba mjukuu wangu, kamba nitauza Jumamosi, na umeme nitauza kwa nani? Nilikosa jibu. Kijana wetu wa pale akamtengenezea chanja ya fito pembeni ya paneli, tukaosha kioo kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa, jioni ile taa zikakesha. Nimeondoka na mfuko wa kamba.

Na sabufa, Mhariri. Ukiniuliza adui mkubwa wa sola vijijini sitataja mvua wala panya, nitasema sabufa. Kijana anarudi kutoka huku Dar na sabufa lake jipya, anaona kile kifaa cha sola kinamkatia mziki kila betri ikishuka, anakiruka, anaunga waya moja kwa moja kwenye betri. Mziki unapiga mpaka alfajiri, watu wanacheza, asubuhi betri iko sifuri kabisa, na ile kukata ndo ilikuwa ulinzi wenyewe. Wiki hiyo hiyo napigiwa simu mimi kwamba kampuni ni matapeli.

Sasa fikiria fundi wa kutoka Dar. Nauli mpaka Nyamisati, boti, kulala huko akikosa maji ya kurudia, chakula, posho, kwa ajili ya kusugua ncha ya waya kwenye nyumba inayolipa kwa siku hela ya soda. Haiwezekani, kila safari ni hasara. Kwa hiyo unapoona bei ni mara mbili, ndani yake mna riba ya benki, mna wale ambao hawatalipa kabisa, mna dola pia, vifaa tunaagiza kwa dola na mteja analipa shilingi, mwaka 2023 dola ilipoadimika tulikaa na oda ya betri haitoki huku mteja anauliza. Lakini kipande kikubwa ni cha fundi kurudi. Sisi tumefanya hivi, tumechukua vijana wa visiwani humo humo, mmoja amepita VETA wengine tumewafundisha wenyewe uani kwa bosi, wanakaa na fiuzi na balbu na msasa na grisi nyumbani kwao. Simu ikiingia kwangu asubuhi jioni kijana ameshafika maana ni jirani, anajua njia na anajua maji yatajaa saa ngapi. Na wanalipwa kila mwezi hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Hiyo ilileta kelele sana ofisini, mhasibu anasema tunamlipa mtu kukaa. Ndio, tunamlipa akae. Akiondoka kwenda kuendesha bodaboda Kibiti kwa sababu hatukumlipa mwezi mmoja mkavu, zile seti zote zinabaki yatima, na mteja ambae taa haiwaki haendelei kulipa, kwa nini alipe.

Msomaji mwenzangu hizo pesa hakuzilipa Kariakoo ni kweli, ila mama yake atazilipa, au zitalipwa na giza. Tena kwa hiyo ya Utete aliyoandika kwamba ilikufa baada ya mvua akaambiwa anunue betri nyingine, ningemshauri asinunue bado. Amwambie mtu wa pale mchana jua likiwa kali aangalie ile taa ya kuonyesha paneli inachaji. Kama haiwaki, tatizo linaweza kuwa waya unaotoka paneli au ncha zake, betri inasingiziwa. Kama inawaka ila usiku unaisha mapema, aangalie kivuli na uchafu kwanza. Betri iwe ya mwisho kulaumiwa kwa sababu ndo ya gharama, na wauza betri wanalijua hilo.

Ila kwenye kuzimiwa taa yuko sahihi, na hapa nitawakwaza wenzangu wa biashara hii. Kwanza mawakala. Kampuni nyingine zinamlipa wakala kwa kila seti anayouza na habari inaishia hapo, kwa hiyo kijana anamuuzia seti ya tivii mjane ambae hana kipato cha kulipa hata ya taa mbili, anachukua kamisheni yake anahamia kijiji kingine, baada ya miezi mitatu kifaa kimejifunga na mjane anadaiwa. Huo ni wizi, sina neno lingine. Bora kamisheni yenyewe ilipwe kidogo kidogo kadri mteja anavyolipa, wakala atachagua mteja vizuri na atapita kumsalimia.

Na haya malipo ya kila siku, aliyeyabuni atakuwa mtu wa mshahara. Mtu wa delta hapati hela kila siku. Kamba wakitoka anazo, mpunga ukivunwa anazo nyingi, katikati hapo hana hata ya vocha, alafu mfumo wa kompyuta unamhesabia siku kama muuza chapati wa Tandika. Aprili 2024 yalipokuja yale mafuriko ya Rufiji na Kibiti, kuna watu walihama na paneli kichwani, na mfumo wetu ukaendelea kuwatumia meseji za deni. Mimi ndo nilikuwa napigiwa. Mzee mmoja hakunitukana wala nini, aliniuliza tu kwa upole, "mwanangu, huko ofisini hamna redio?" Ilichukua siku kadhaa mpaka jamaa wa kompyuta akasimamisha zile hesabu kwa mkono, kwa sababu aliyeandika hiyo programu hakuweka sehemu ya mafuriko.

Kitu kingine ambacho hakisemwi kabisa ni betri zilizokufa. Hizi zenye madini ya risasi, za gari na za maji, zinaenda wapi? Huku Dar wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita mitaani wanazichukua. Kule kisiwani nimeona kwa macho yangu watu wanavunja betri kuukuu kwa panga, asidi inamwagwa mchangani nyuma ya jiko, alafu wanayeyusha risasi kwenye kopo wanatengeneza chubwi, vile vizito vya nyavu. Watoto wamezunguka moto wanaangalia. Risasi ni sumu na kwa mtoto inakwenda kwenye ubongo, na moshi wake ni mbaya kuliko chubwi yenyewe. Sisi tumeanza kumpunguzia bei mteja anaerudisha betri ya zamani na boti ya kurudi inazibeba, lakini sisi ni kampuni ya chumba na stoo, betri zinazopita kwa basi kwenda vijijini ni nyingi kuliko zetu mara sijui ngapi na hakuna anaeziulizia zikifa. Anaezileta nchini ndo angetakiwa azirudishe, sio bibi wa kamba.

Januari 2025 marais walikuja hapa Dar kwa ule mkutano wa nishati, wakakubaliana Waafrika milioni 300 wafikiwe na umeme ifikapo 2030. Lengo zuri na sola za majumbani zimo humo. Ninachoomba mimi, kama mtu anaejaza hizo ripoti, ni namna ya kuhesabu. Sasa hivi nikimfungia mtu seti leo, ripoti inasema kaya moja imefikiwa, na itaendelea kusema hivo hata kama taa ziliwaka mwezi mmoja. Hakuna fomu inayorudi kuuliza mwaka wa pili kama bado inawaka. Hiyo ruzuku ya matokeo, sehemu yake ingezuiwa mpaka mtu apite baada ya mwaka au miwili akute taa inawaka, kampuni zingeshindana kuajiri mafundi wa vijijini kuliko zinavyoshindana kuajiri mawakala. Tungelalamika sana, najua, bosi wangu angekuwa wa kwanza. Na TBS, wale wa viwango vya bidhaa, waende na futi kamba tu, hata bila maabara, zile paneli za sinia zinajitangaza zenyewe.

Kwa nyie mnaowatumia wazazi, sisemi msinunue Kariakoo. Nunueni, pimeni kwanza, alafu kabla hujatoa hela mpigie simu kijana yeyote anaejua umeme jirani na kwa mama, mwenye kibanda cha kuchajisha simu pale senta hakosekani, mkubaliane umlipe kidogo kila mwezi awe anapita. Akipita asafishe kioo, akaze nati, aangalie nani kaunga sabufa. Kama huko hakuna mtu wa hivo kabisa, hapo ndo ulinganishe bei yako na ya wezi.

Ofisini tumekubaliana, baada ya kubishana karibu mwezi, kwamba mpunga ujao ukivunwa tutajaribu kitongoji kimoja walipe kwa msimu, mtu analipa miezi kadhaa kwa mkupuo akiwa nazo na kifaa hakimzimii katikati. Mhasibu amesema tutafilisika. Nikipata majibu nitaandika tena, kama utanipa nafasi.

Msomaji wako,
Dada wa sola,
Temeke, Dar es Salaam